Mkataba wa Nani? Rangi, Ardhi na Nadharia ya Mkataba wa Kijamii

Mada ya mazungumzo haya ni swali ambalo falsafa ya siasa ililikwepa kwa muda mrefu. Ikiwa dola halali ni ile inayosimama juu ya makubaliano ya watu walio huru na sawa, kama wanafalsafa wa Ulaya walivyofundisha tangu karne ya 17, itasemwaje juu ya mamilioni ya watu waliouzwa, waliotawaliwa na kunyang'anywa ardhi na dola hizo hizo kwa sababu ya rangi ya ngozi zao? Jibu lililozoeleka vyuoni ni kwamba wanafalsafa walikuwa sahihi na watawala ndio waliokosea, yaani kanuni ilikuwa njema ila utekelezaji wake ulichelewa kuwafikia watu wote. Mazungumzo haya yanashikilia msimamo mwingine: kwamba ubaguzi wa rangi ulikuwa mojawapo ya masharti ya mkataba wenyewe, na kwamba nadharia yoyote ya haki inayoanza hesabu zake bila kuligusa sharti hilo huishia kuwatoza waliodhulumiwa gharama ya dhuluma waliyotendewa.

Inafaa kuanza na nadharia yenyewe. Mkataba wa kijamii ni fundisho linalojaribu kueleza kwa nini mtu awe na wajibu wa kuitii serikali. Wafalme wa Ulaya walizoea kudai kwamba mamlaka yao yametoka kwa Mungu, hivyo raia hana la kuhoji. Wanafalsafa wa mkataba walilipindua dai hilo kwa kumtaka msomaji awafikirie wanadamu wakiishi pasipo serikali, pasipo sheria wala mahakama, hali waliyoiita hali ya asili, kisha ajiulize watu hao wangekubaliana masharti gani ili watoke humo na kuunda dola. Thomas Hobbes, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake Leviathan mwaka 1651, miaka miwili baada ya Mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa, aliiona hali ya asili kuwa vita vya kila mtu dhidi ya kila mtu, na akahitimisha kwamba watu wangekubali kumtii mtawala mmoja mwenye nguvu ili wapate usalama. John Locke, ambaye kazi yake kuu juu ya serikali ilitoka mwaka 1689, alisema kwamba watu wana haki za uhai, uhuru na mali hata kabla ya serikali, kwamba huiunda serikali ili izilinde haki hizo, na kwamba wanaweza kuiondoa inapozivunja. Jean-Jacques Rousseau, mzaliwa wa Geneva, aliandika mwaka 1762 kwamba sheria ni halali pale tu inapotokana na nia ya umma mzima, ambamo kila mmoja ni mtawala na mtawaliwa kwa wakati mmoja.

Nguvu ya fundisho hilo haipaswi kudharauliwa, kwa kuwa ndilo lililowapa wanamapinduzi wa Marekani mwaka 1776 na wa Ufaransa mwaka 1789 maneno ya kumkabili mfalme, na ndilo ambalo baadaye wapigania uhuru wa Afrika na Asia waliligeuza kuwa silaha dhidi ya wakoloni walewale waliolileta. Hata hivyo, msomaji makini wa vitabu hivyo hugundua jambo moja mapema. Hobbes, alipotarajia kwamba atapingwa na wale watakaosema kuwa hali ya asili haijawahi kuwepo popote, alijibu kwa kuwaelekeza kwa wenyeji wa Amerika, ambao kwa maoni yake walikuwa wakiishi humo wakati huohuo alipokuwa akiandika. Locke naye aliitumia Amerika kama mfano wa jinsi dunia nzima ilivyokuwa mwanzoni. Hivyo, kwa Mzungu hali ya asili ilikuwa zoezi la kufikiri tu, ilhali kwa mwenyeji wa Amerika ilikuwa maelezo ya makazi yake halisi, naye alihesabiwa kuwa mtu ambaye bado hajaingia katika mkataba wowote.

Matokeo ya hesabu hiyo yalionekana kwanza katika ardhi. Locke alifundisha kwamba ardhi, ambayo Mungu aliwapa wanadamu wote kwa pamoja, huwa mali ya mtu mmoja pale anapoichanganya na kazi yake kwa kuilima, kuiboresha na kuizungushia ua. Kwa kipimo hicho, ardhi iliyotumiwa kwa uwindaji, kwa malisho ya kuhamahama au kwa kilimo cha kupumzisha udongo ilionekana kuwa ardhi iliyoachwa tupu, na mgeni aliyefika na jembe na ua aliweza kudai kwamba hakumnyang'anya mtu yeyote kitu. Fundisho kwamba kuna ardhi isiyo na mwenyewe, ingawa kuna watu wanaoishi juu yake, lilivuka bahari mara nyingi baada ya Locke.

Kuhusu watumwa, maisha ya Locke mwenyewe yanaeleza mengi. Kazi yake juu ya serikali inafunguka kwa kuulaani utumwa kuwa hali duni ambayo haifikiriki kwamba Mwingereza angeitetea. Lakini mtu huyohuyo alikuwa katibu wa mabwana waliomiliki koloni la Carolina, alishiriki katika kuandaa katiba ya koloni hilo ya mwaka 1669, iliyompa kila mtu huru mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi, na alinunua hisa katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyosafirisha watumwa kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Wataalamu wanabishana kuhusu ukubwa wa mchango wake katika katiba hiyo, lakini hakuna anayekanusha kwamba alihusika. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na hapo ndipo penye kiini cha suala: utumwa ambao Locke aliuona mchungu ni ule ambao Mfalme wa Uingereza angeweza kumtwika Mwingereza, si ule ambao Mwingereza alimtwika Mwafrika.

Mwanafalsafa aliyelikusanya suala hili na kulipa jina ni Charles Mills, aliyezaliwa London mwaka 1951, akakulia Jamaika, akasoma fizikia katika Chuo Kikuu cha West Indies kabla ya kugeukia falsafa, na akafundisha Marekani hadi kifo chake mwaka 2021. Akijifunza kutoka kwa Carole Pateman, aliyeonyesha mwaka 1988 kwamba mkataba wa kijamii ulijengwa juu ya makubaliano ya wanaume kuhusu wanawake, Mills alitoa mwaka 1997 kitabu kifupi kuhusu kile alichokiita Mkataba wa Rangi. Hoja yake ni kwamba nyuma ya mkataba unaosimuliwa vyuoni upo mwingine uliofanya kazi kweli duniani, nao ni makubaliano ya weupe kwa weupe kwamba wao peke yao ndio watu kamili, na kwamba wengine ni watu pungufu ambao juu yao mkataba unafanyika bila wao kuwa washiriki wake. Mkataba huo, alisema Mills, una sura tatu: ya kisiasa, inayoamua nani atawale, ya kimaadili, inayoamua haki za nani zihesabiwe, na ya maarifa, inayowafundisha wanufaika kutoiona dhuluma inayowanufaisha, hata waamini kwa moyo safi kwamba dunia waliyoirithi ni ya haki.

Wapo waliompinga wakisema kwamba hakuna mkutano wowote ambapo Wazungu walikaa na kutia sahihi makubaliano ya namna hiyo. Pingamizi hilo linasahau kwamba hata mkataba wa Hobbes na Locke haukutiwa sahihi popote. Ni kielelezo cha kufikiria tu. Isitoshe, Mills alikuwa na mtangulizi ndani ya mapokeo yaleyale, kwa maana Rousseau, katika insha yake ya mwaka 1755 juu ya chanzo cha kutolingana kati ya wanadamu, alikuwa ameeleza jinsi matajiri walivyowalaghai maskini wakubali mkataba uliohalalisha mali ambayo matajiri walikuwa wamekwisha kujitwalia. Mills alichukua mbinu hiyo ya kuusoma mkataba kama hila ya wenye nguvu, akaitumia kwa rangi kama Rousseau alivyoitumia kwa utajiri.

Tena kuna mahali ambapo mkataba wa rangi uliandikwa kwa wino. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787, ambayo inafunguka kwa jina la umma wa Marekani, ilikubali kwamba katika kugawa viti vya bunge kila mtumwa ahesabiwe kama tatu ya tano ya mtu, ilizuia bunge kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya mwaka 1808, na iliagiza kwamba mtumwa aliyetoroka arudishwe kwa mwenyewe, yote hayo bila kulitaja neno mtumwa hata mara moja. Sheria ya uraia ya mwaka 1790 ilifungua mlango wa uraia wa kuandikishwa kwa watu huru weupe peke yao. Mwaka 1857, Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, iliamua kwamba watu weusi wenye asili ya Afrika, hata walio huru, hawakuwa raia na hawakukusudiwa kuwa sehemu ya umma uliotajwa katika katiba. Jaji Mkuu Roger Taney hakuwa akiuvunja mkataba siku ile. Alikuwa akiusoma kama ulivyoeleweka na wengi wa walioutunga.

Hata baada ya marekebisho ya katiba ya mwaka 1865, 1868 na 1870 kufuta utumwa, kutoa uraia na kuwapa wanaume weusi kura, dhuluma ilijua kuvaa nguo mpya. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, kazi ambazo wakati huo zilibeba sehemu kubwa ya wafanyakazi weusi. Mashirika ya serikali yaliyoanzishwa mwaka 1933 na 1934 ili kuwasaidia wananchi kupata mikopo ya nyumba yalitumia ramani na kanuni zilizoihesabu mitaa ya weusi kuwa ya hatari, hivyo familia nyeupe zikajijengea urithi kwa dhamana ya umma huku familia nyeusi zikilipa kodi ya pango kizazi baada ya kizazi, hadi sheria ya mwaka 1968 ilipokataza ubaguzi katika nyumba. Takwimu za Benki Kuu ya Marekani za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba mali ya familia nyeupe ya kati, yaani ile inayozigawa familia zote katika nusu mbili sawa, ilikuwa takriban dola 285,000, ilhali ya familia nyeusi ilikuwa takriban dola 44,900. Pengo la zaidi ya mara sita haliwezi kuelezwa kwa sheria za leo. Linaelezwa na masharti ya jana.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuvuka bahari ili auone mkataba huo ukifanya kazi, kwani Kenya ina kisa kimoja ambacho kingestahili kusomwa katika kila darasa la falsafa ya siasa. Mwezi wa Agosti mwaka 1904, serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki ilitiliana sahihi makubaliano na viongozi wa Wamaasai, akiwemo Olonana, ambayo kwayo Wamaasai walikubali kuyaacha malisho yao ya Bonde la Ufa ili walowezi wa Kizungu wapewe, nao wakahakikishiwa hifadhi mbili, moja ya Laikipia upande wa kaskazini na nyingine upande wa kusini, kwa ahadi kwamba makubaliano hayo yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani kama kabila. Miaka saba baadaye, walowezi walipoitamani Laikipia nayo, yakaletwa makubaliano mapya ya mwaka 1911, na Wamaasai wa kaskazini wakahamishwa kwa nguvu pamoja na mifugo yao kwenda kusini.

Wamaasai hao hawakunyamaza. Ole Njogo na wenzake waliajiri mawakili na kuishtaki serikali wakidai kwamba makubaliano ya mwaka 1904 ni mkataba unaoifunga serikali, na kwamba yale ya mwaka 1911 hayakuridhiwa na waliohusika. Mwaka 1913 mahakama iliwanyima haki ya kusikilizwa kwa hoja ya kushangaza: kwamba Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme wa Uingereza, bali taifa la kigeni lililo chini ya ulinzi wake, hivyo makubaliano yao na serikali ni mkataba kati ya dola mbili, na mahakama za nchi hazina mamlaka ya kuamua mgogoro wa dola mbili. Watu waliokuwa wakitawaliwa kila siku na maofisa wa serikali hiyohiyo waliambiwa kwamba kwa habari ya kudai haki yao wao ni wageni.

Kilichofuata kinakamilisha picha hiyo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliihesabu ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa ya Mfalme, huku ikiwaruhusu walowezi kukodishiwa mashamba kwa miaka 999. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth, katika kesi iliyowahusu Wakikuyu, aliamua kwamba haki zozote walizokuwa nazo katika ardhi zimetoweka, na kwamba wao sasa ni wapangaji wanaokaa kwa hisani ya Mfalme. Katika muda wa miaka minane, mahakama za nchi moja zilikuwa zimewaambia Waafrika wa jamii moja kwamba hawawezi kushtaki kwa kuwa si raia, na wa jamii nyingine kwamba hawana ardhi kwa kuwa wako chini ya Mfalme. Hoja mbili zinazogongana namna hiyo zinapatana katika jambo moja tu, nalo ni kwamba katika kila hali Mwafrika ndiye aliyepoteza. Hapo ndipo maelezo ya Mills yanapopata uzito wake wote: Wamaasai walihesabiwa kuwa watu wa kutosha kutia sahihi, lakini si watu wa kutosha kudai kilichotiwa sahihi.

Baada ya historia hiyo, mtu angetarajia kwamba nadharia ya mkataba, ilipofufuliwa katika karne ya 20, ingeanza na suala la rangi. Haikuwa hivyo. Mfufuaji wake alikuwa John Rawls wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1971, miaka mitatu tu baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, alichapisha kitabu juu ya nadharia ya haki ambacho kimeitawala falsafa ya siasa hadi leo. Rawls alimtaka msomaji afikirie watu wanaokaa kuchagua kanuni za jamii yao wakiwa nyuma ya pazia la kutojua, yaani bila kujua kama wao ni matajiri au maskini, wenye vipaji au wasio navyo, na baadaye aliongeza wazi kwamba hawajui hata rangi zao. Kwa kuwa hakuna anayejua atakuwa nani pazia likiinuliwa, kila mmoja angechagua kanuni zinazomlinda aliye chini kabisa: uhuru sawa kwa wote, nafasi sawa ya kufikia vyeo, na tofauti za mali ziruhusiwe pale tu zinapomnufaisha mnyonge. Ni fikra yenye heshima kubwa kwa binadamu, na anayeipinga hana budi kukiri uzuri wake.

Tatizo lake ni mahali inapoanzia. Rawls alisema kwamba anashughulikia kwanza jamii iliyopangika vizuri, ambayo watu wake wanazitii kanuni za haki, na kwamba masuala ya kurekebisha dhuluma iliyokwisha kutendeka yatafuata baadaye. Mills alijibu kwamba hayo ya baadaye hayakufuata, kwani wanafalsafa waliendelea kwa miongo kadhaa kuichora jamii isiyowahi kuwa na utumwa wala ukoloni, huku wakiishi katika nchi zilizojengwa kwa vyote viwili. Katika jamii kamilifu hakuna deni la historia, na palipokosekana deni hapana anayeweza kulidai. Pazia linalomzuia mtu kuijua rangi yake lilikuwa na nia ya kuzuia upendeleo, lakini linapomzuia pia kujua kwamba katika nchi hiyo rangi ndiyo iliyogawa ardhi, mishahara na elimu, humnyima maarifa anayoyahitaji ili ajue ni kitu gani kinapaswa kurekebishwa.

Kenya inatoa tena ushahidi wa jinsi kosa hilo linavyokuwa zito likitoka vitabuni na kuingia katika sera. Uhuru ulipokaribia, ulianzishwa mwaka 1962 mpango wa kuwagawia Waafrika ekari milioni moja za mashamba ya walowezi. Mashamba hayo yalinunuliwa kwa kanuni ya anayetaka kuuza na anayetaka kununua, kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ilikuwa mikopo ya Uingereza na ya Benki ya Dunia, na familia zilizogawiwa zikabebeshwa madeni ya kurejesha. Ukiutazama mpango huo kuanzia siku ulipotiwa sahihi, ni mkataba wa haki kabisa, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi wameridhiana bila mtu kutazamwa rangi. Ukiutazama kuanzia mwaka 1904, ni mpango uliowataka watoto wa walionyang'anywa wakope ili wanunue ardhi ya babu zao kutoka kwa watoto wa walionyang'anya. Tofauti kati ya maelezo hayo mawili inatokana na tarehe ambayo hesabu inaanzia, na nadharia isiyo na tarehe haiwezi kuiona.

Haimaanishi kwamba kila aliyemkosoa Rawls anautupa mkataba wa kijamii. Tommie Shelby, mwanafalsafa mweusi wa Harvard, anashikilia kwamba kanuni ya Rawls ya nafasi sawa, ikichukuliwa kwa uzito wake wote, inatosha kudai mageuzi makubwa kwa ajili ya weusi maskini wa mijini. Mills naye, katika miaka yake ya mwisho, hakutaka uliberali uzikwe, bali alitaka uvuliwe sharti la rangi na uongezewe kanuni za kurekebisha dhuluma. Kati ya wawili hao, msimamo wa Mills una nguvu zaidi, kwa sababu nafasi sawa kuanzia leo na malipo ya kilichochukuliwa jana ni madai mawili tofauti. Mtu aliyenyang'anywa shamba hajatendewa haki kwa kupewa ruhusa ya kushindana katika mnada wa shamba lake mwenyewe.

Wapo wanaohofu kwamba kuitaja rangi ndani ya mkataba ni kuurudisha ubaguzi kwa mlango wa nyuma, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda kwa kuwapa siku 90 waondoke, wakiwemo waliokuwa raia, kwa madai ya kuwarudishia Waafrika uchumi wao. Huo ulikuwa mkataba wa rangi uleule uliogeuzwa upande. Aidha, katika Kenya huru, ripoti ya tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u mwaka 2004 ilifichua jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kiholela kwa wakubwa na watu wao wa karibu, jambo linaloonyesha kwamba masharti ya mkoloni yanaweza kurithiwa na mtu wa rangi yoyote. Lakini makosa hayo hayathibitishi kwamba rangi isitajwe. Yanathibitisha kwamba kuna mambo mawili ya kutenganisha: nani ni mwanachama wa jamii, na nani anadai nini kutokana na historia yake.

Tanganyika iliupitia mtihani huo kwa namna inayostahili kukumbukwa. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 wakoloni waliweka utaratibu wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kuupa umma wa Waafrika zaidi ya milioni nane idadi ya viti sawa na ya Wazungu wapatao elfu 20. Ulikuwa usawa wa rangi uliovunja usawa wa watu. TANU, chama kilichopigania uhuru, baada ya mjadala mkali wa Tabora mwezi wa Januari 1958, iliamua kuingia katika uchaguzi huo ili iushinde utaratibu kwa kura, na ikafaulu. Kisha, mwezi wa Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia wa nchi mpya uwe wa Waafrika peke yao, Waziri Mkuu Julius Nyerere alisimama bungeni kupinga uraia wa rangi ya ngozi, akasema kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kuukubali. Uamuzi huo haukufanywa nyuma ya pazia. Ulifanywa na watu waliojua rangi zao, waliojua walichotendewa, na ambao bado walikataa kuandika uanachama wa jamii kwa rangi. Kukataa huko hakukuwazuia kusema, kama walivyosema katika Azimio la Arusha mwaka 1967, kwamba uchumi waliourithi una unyonyaji unaopaswa kubomolewa.

Hukumu inayotokana na yote hayo inaweza kutolewa bila kuficha. Mkataba wa kijamii unabaki kuwa kipimo bora cha utawala kuliko upanga au ukoo, lakini mkataba unaoulizwa masharti yake ya leo bila kuulizwa ulifungwa na nani, juu ya nani na juu ya ardhi ya nani, hauna haki ya kuitwa mkataba wa wote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelikiri jambo hilo kwa kuipa Tume ya Taifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa zaidi ya wahanga 5,200 wa mateso ya serikali ya kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau. Hizo ni hatua ndogo zikilinganishwa na deni lenyewe, lakini zinathibitisha kwamba deni linaweza kutajwa, kuchunguzwa na kulipwa bila dola kuvunjika. Walimu wanaofundisha falsafa ya siasa wawasomeshe wanafunzi wao Locke pamoja na katiba ya Carolina, na Rawls pamoja na kesi ya Ole Njogo. Na wananchi wanaoitwa kutoa maoni juu ya katiba mpya au sheria za ardhi wadai kwanza orodha ya waliodhulumiwa na walichochukuliwa, kabla hawajaombwa kutoa ridhaa yao.